Kitambulisho cha Mwamini

Asubuhi ile mimi na Mwamini tulikuwa tunaanika mashuka ya zahanati. Yeye alikuwa mfuaji wa kambi, mjane wa makamo, mwenyeji wa mji mdogo uliokuwa chini ya kilima chetu. Mimi nilikuwa koplo na muuguzi, mtoto wa Kilolo, nimepelekwa mashariki ya Kongo pamoja na askari wa nchi kadhaa kulinda amani. Nasema kulinda amani kwa sababu hivyo ndivyo tulivyoambiwa kwamba tunafanya.

Ilikuwa siku ya soko. Kutoka pale juu tuliwaona akina mama wakishuka na ndizi na makaa mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso kama wanavyobeba wao. Mwamini alikuwa anaimba, mikono imo majini. Mimi nilikuwa nimenuna.

Nilinuna kwa sababu ya picha. Jana yake mkubwa mmoja alikuja kutoka makao makuu kupiga picha na askari, nami niliambiwa nikae nyuma, nyuma kabisa, ambako kilichoonekana ni kofia yangu tu. Picha ile niliihitaji. Nilitaka kumpelekea baba.

Nilimweleza Mwamini. Akauliza, bila kuacha kusugua, "Baba yako hana picha yako hata moja?"

"Hana."

"Weye uko mutu wa nani, basi?"

Kwao swali hilo lilikuwa la kawaida, kama sisi tunavyouliza mtu kwao wapi. Kwangu lilikuwa kidonda. Nikamjibu kijeuri kwamba mimi ni askari. Akacheka kidogo, akasema, "Askari ni kazi. Mi nimeuliza mutu."

Baba yangu ni mzee wa kanisa. Ana mashamba ya miti ya mbao ambayo ukisimama kwenye kilima kimoja huoni mwisho wake, na kila Jumapili hukaa benchi la mbele amevaa koti hata kukiwa na joto. Mama alikuwa kibarua katika bustani yake ya miche alipopata mimba yangu. Baba alikana. Wazee wenzake wakamuuliza mara moja, akakana mara moja, wakaendelea na ajenda nyingine. Mama ndiye aliyetengwa, miezi sita, haruhusiwi kushiriki meza ya Bwana, wakati aliyempa mimba alikuwa anapitisha kikapu cha sadaka. Nilibatizwa ibada ilipokwisha, watu wenye watoto wa ndoa walipokuwa wameshatoka nje kusalimiana. Nikapewa jina Vumilia. Jina la pili nikaazima la babu mzaa mama.

Nilipomaliza mafunzo ya jeshi, baba alikuja. Alikuja kweli, na koti lake, akasimama kati ya wazazi wa wenzangu, akanishika bega mbele ya watu.

"Hii ni damu yangu," alisema.

Nilifurahi kupita kiasi. Nikiikumbuka furaha ile naona haya. Miaka yote alinipita njiani kama mtu anavyopita kisiki, na siku niliyovaa buti ndipo damu yake ikamjia kichwani. Na mimi, mjinga, nikaamini kwamba nikirudi kutoka vitani na nishani, atasimama kanisani na kunipa jina lake. Ndicho nilichokwenda kutafuta Kongo. Amani ya Wakongo haikuwamo katika hesabu zangu.

Mwamini aliyajua haya yote ilipofika saa nne, maana niliyamwaga yote. Hakunihurumia. Alisema tu kwamba mimi nilibatizwa, na siku ile Mungu aliniita kwa jina mbele ya wale wachache waliobaki ndani, na kama baba yangu alikuwa nje anasalimiana na watu, aliyekosa ni yeye. Kisha akaniambia nishike ncha ya pili ya shuka tukamue.

Nilimdharau kidogo kwa maneno hayo. Niliona ni maneno ya mtu ambaye hana kitu.

Mlio wa kwanza tuliuchukulia kuwa radi. Wa pili ulitoka upande wa shule.

Mwamini alisimama wima. "Waasi wamefika," alisema. Alifuta mikono kwenye kitenge na kuanza kutembea kuelekea lango.

"Kaa ndani!" nilimwambia. "Wewe una kitambulisho, kaa!"

"Kule kuna bazee," alisema. "Hawawezi kukimbia."

Akatoka. Nilimtazama akishuka.

Lazima nimweleze kamanda wetu sasa, ingawa sipendi kumpa nafasi. Alikuwa meja, wa nchi nyingine ambayo sitaitaja, maana wananchi wake hawana kosa. Mtu msafi. Sare yake ilipigwa pasi na Mwamini kila siku ya Mungu. Sisi tulimwita Bwana Maelekezo, kwa sababu lolote ulilomwambia alijibu kwamba anasubiri maelekezo. Waasi walikuwa wanakaribia tangu wiki mbili nyuma, wachungaji wa mji ule walipanda mara tatu kumwomba aweke askari shuleni, na mara zote tatu aliwakaribisha chai na kuwaambia anasubiri maelekezo.

Ilipofika saa sita watu walikuwa langoni.

Walipanda kilima kwa mamia. Wengine walibeba magodoro. Mwanamke mmoja alibeba cherehani kichwani, na nilimwonea hasira, sijui kwa nini, nilitaka kumpigia kelele aitupe.

Bwana Maelekezo alisimama nyuma ya mifuko ya mchanga na redio mkononi. Alisema kambi haina nafasi. Alisema kuingiza raia kutaifanya kambi kuwa shabaha. Waingie wafanyakazi wa kambi tu, wenye vitambulisho. Wengine warudi majumbani na kufunga milango.

Kufunga milango. Milango ile ilikuwa ya mbao za makasha.

Alitazama kushoto na kulia akaniona. Nilikuwa mwanamke na nilijua Kiswahili. Akanipa kazi: nisimame kwenye mlango mdogo wa pembeni mwa lango, nikague vitambulisho vya wanawake.

Nilisimama. Niseme hivyo hivyo. Hakuna aliyenishikia bunduki. Nilisimama mlangoni na kunyoosha mkono kama karani, nikawa nasema, "Kitambulisho. Kitambulisho, mama. Huna? Kaa pembeni."

Mpishi aliingia. Wafagiaji wawili waliingia. Fundi bomba aliingia na alikuwa analia, mkewe alikuwa upande wa pili wa seng'enge.

Kisha nikamwona Mwamini.

Alikuwa amepanda na kundi la wazee, mmoja amemshika mkono, mwingine amejishika kwenye kitenge chake. Kitambulisho kilikuwa shingoni. Nikapiga kelele, "Mwamini! Pita hapa! Mpisheni apite!"

Watu walimpisha. Alikuja hadi mlangoni, hatua mbili kutoka nilipokuwa. Aliangalia nyuma, akawatazama wale wazee, halafu akamtazama msichana mmoja aliyekuwa amebanwa na watu kwenye nguzo, na mtoto mchanga kifuani. Msichana yule simjui. Baadaye nilijua kwamba hata Mwamini hakumjua.

Mwamini akavua kitambulisho na kumvalisha yule msichana shingoni.

"Huyu ni Mwamini," aliniambia.

"Usifanye hivyo," nilisema. "Mwamini, usifanye. Kina jina lako."

"Jina yangu Mungu anaijua. Haisomi kwa karatasi." Akamsukuma msichana mbele. "Mupitishe."

Picha kwenye kitambulisho ilikuwa ya mama wa miaka hamsini. Aliyekivaa hakufika ishirini. Koplo mwenzangu aliyekuwa anaandika orodha aliuliza jina bila kuinua macho.

Nikasema, "Mwamini. Mfuaji."

Akaandika.

Msichana akapita chini ya mkono wangu. Nilimsikia mtoto akipiga chafya.

Nilipogeuka, Mwamini alikuwa amesharudi kwa wazee wake.

Risasi zikaanza kufika kwenye kilima. Bwana Maelekezo akapiga kelele mlango ufungwe. Tulikuwa watatu. Mmoja alishika komeo, mmoja alivuta mnyororo, mimi nilisukuma kwa bega. Kulikuwa na vidole kwenye ukingo wa mlango. Nilisubiri viondoke. Vilipoondoka nikasukuma.

Watu walitawanyika kuteremkia upande wa mikaratusi.

Tulilala chini nyuma ya mifuko. Tulikuwa na magari mawili ya deraya na risasi za kutosha. Hayakuwashwa.

Saa kumi milio ilikoma.

Tuliteremka kesho yake, baada ya maelekezo kufika. Nilikwenda na machela na boksi la dawa. Soko lilikuwa limeungua, na ndizi zilizoungua zilinukia vizuri, jambo ambalo sijalisamehe. Nilifunga majeraha ya watu kumi na kitu, nikaacha kuhesabu.

Mwamini tulimkuta kwenye mikaratusi. Wazee watatu walikuwa pale pale pamoja naye. Hawakuwa wameenda mbali. Kwa mwendo wa wazee wale, wasingeweza. Sitaeleza zaidi ya hapo. Nilimfumba macho, nikamvuta kitenge kikae vizuri miguuni, kwa sababu alikuwa mtu wa staha.

Bwana Maelekezo aliagiza orodha ya waliokufa. Karani wa kambi alipita na daftari lile lile la langoni akiuliza majina kwa wenyeji. Tulipofika kwa Mwamini, nikafungua mdomo, na karani akaniwahi. "Huyu anafanana na mfuaji wetu," alisema. Akafunua ukurasa wa jana. "Hapana. Mfuaji yumo kambini. Aliingia."

Wenyeji wawili waliokuwa karibu walinitazama. Walimjua Mwamini tangu utoto. Walijua pia nani yuko kambini akitumia jina lake, na kwamba ukweli ukitoka, msichana na mtoto wake watatolewa nje siku hiyo hiyo, na waasi walikuwa bado kilima cha pili.

Nikaufunga mdomo. Karani akaandika: mwanamke, hajulikani.

Tulimzika jioni ile nyuma ya kanisa lao la udongo. Mchungaji hakuwepo, alikuwa mmoja wa waliozikwa. Akasali mzee mmoja aliyekuwa na jeraha la mkono nililolifunga mwenyewe. Kwenye misalaba mingine tuliandika majina kwa kalamu ya zahanati. Kwa Mwamini tukaacha mti mtupu. Yule mzee alipofika kwenye kaburi lake alishusha sauti ili askari wasisikie, akasema, "Baba, huyu unamujua." Akaenda kaburi lingine.

Nilisimama pale na jina langu limeshonwa kifuani, kwa uzi mweusi, herufi kubwa. Tangu utoto nilikuwa nimelilia jina. Na huyu aliyelala hapa alikuwa nalo, halali, la mume na la baba, akalivua mchana kweupe na kumpa mtu asiyemjua, kisha akateremka kilima bila kupungukiwa kitu. Nilijiona mchafu. Nilimkumbuka asubuhi ile ya mashuka, na mimi nikiona ni maneno ya mtu ambaye hana kitu.

Sikuongoka pale. Wanaosimulia mambo haya hupenda iwe pale, kaburini, na machozi. Mimi nilirudi kambini nikala wali. Lakini wiki zilizofuata, nikiwa zamu, nilianza kusali kwa maneno mawili ya yule mzee, nikiyageuza: mimi unanijua. Mwanzoni nilisema kwa hofu, kwa kuwa aliyenijua alikuwa ameniona mlangoni pia. Baadaye nikaendelea kusema, hofu ikiwemo. Ndivyo nilivyoanza kuamini kwamba nilibatizwa kweli.

Msichana aliitwa Riziki. Aliishi kambini miezi miwili kwa jina la mtu mwingine, akafua mashuka vibaya sana, na Bwana Maelekezo hakutambua kwamba mfuaji wake amekuwa kijana ghafla. Huo ndio ukaguzi wao. Watu waliokufa kwa kukosa kile kitambulisho walikufa kwa kukosa kitu ambacho hakuna mkubwa aliyekuwa anakitazama. Riziki alivuka mpaka na lori hadi kambi ya wakimbizi, huko akajiandikisha kwa jina lake. Ndipo nilipoandika taarifa kwamba Mwamini mfuaji amefariki, na tarehe. Sikujibiwa. Bwana Maelekezo alipata nishani. Na mimi nilipata, sote tulipata, ziligawiwa kama biskuti.

Niliporudi nilipangiwa Mbeya, na haikupita muda nikafuatwa na mhubiri. Ana ukumbi mkubwa wa mabati, viti vya plastiki mia kadhaa, na watu wanamwita Baba wakati umri wake na wangu ni mmoja. Alikuwa amesikia kuna mlokole aliyetoka vitani. Akataka nitoe ushuhuda.

"Dada Vumilia, waeleze watu jinsi risasi zilivyokukwepa," aliniambia nyuma ya jukwaa. "Jinsi Mungu anavyojua kuwatenga walio wake."

Nilipanda nikasimulia kuhusu Mwamini. Nilisimulia hadi mlango. Mama mmoja mbele aliweka mkono mdomoni. Nilipofika kwenye mikaratusi, mhubiri alininyang'anya kipaza sauti.

"Mmeona!" alipaza sauti. "Wengine walianguka, lakini yeye? Wa thamani kwa Bwana! Mwambie jirani yako, mimi ni wa thamani!"

Watu wakageukiana wakaambiana. Kinanda kikaanza.

Nilimshika mkono mhubiri, mkono wenye kipaza sauti, nikamuuliza kwa sauti ya kawaida, "Na Mwamini hakuwa wa thamani?"

Swali likatoka kwenye spika zote. Alitabasamu kwa meno mengi, akasema Mungu ana makusudi yake. Nikashuka. Katika maisha yangu nimewadharau watu wengi, wengine kwa makosa. Huyu simwombei radhi. Angeniuzia thamani niliyokwisha kupewa bure, na angeikata kwenye maiti ya yule aliyenionyesha.

Likizo nikaenda Kilolo. Baba alikuwa ameniandalia sherehe. Alichinja. Alimwomba mchungaji nafasi Jumapili ya mavuno, atanisimamisha mbele na kunitangaza kwa jina lake, binti yake, askari, mwenye nishani. Alinieleza haya sebuleni kwake, mara yangu ya kwanza kuingia sebule ile, baada ya kunisalimia "Kamwene" kama mtu mzima mwenzake.

Mama alikuwa amekufa nikiwa kidato cha tatu. Nilimuuliza kama atamtaja na yeye.

"Tusichimbue mambo," alisema. "Hii ni siku yako."

"Utasema ulikana?"

"Vumilia, mwanangu. Nakupa jina. Watu wanalitafuta jina hili."

Nilimtazama. Alikuwa amezeeka, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Nilitegemea kumchukia. Kilichonijia kilikuwa kidogo kuliko chuki. Niliona mtu aliyekaa benchi la mbele miaka arobaini akisubiri watu wamwambie kwamba yeye ni mtu.

"Baba," nilisema, "jina ninalo. Nilipewa mle mle kanisani, wewe ukiwa nje unasalimiana na watu. Nimekuja kukusalimia tu."

"Unanidharau?"

"Ndiyo," nilisema, kwa kuwa sikutaka kudanganya. "Naomba Mungu aniondolee. Bado hajaniondolea."

Jumapili ya mavuno niliketi benchi la nyuma, na alipopita na kikapu nilitoa sadaka yangu kama wengine.

Jeshi nimeliacha. Nafanya kazi zahanati ndogo nje ya Rujewa, kwenye tambarare, ambako wagonjwa wangu ni wakulima wa mpunga na wafugaji waliohamia kutoka kaskazini na ng'ombe wao, na hadi leo wenyeji huwauliza, nyie ni watu wa wapi. Nasali kwenye kanisa dogo pamoja nao. Akija mama na mtoto asiye na baba kwenye kadi ya kliniki, naandika jina la mtoto kwa herufi kubwa na kulisoma kwa sauti. Sina zaidi ya hilo la kujivunia.

Watu wema huniambia kwamba Mwamini alikufa ili mimi nijitambue. Wanasema kwa upendo. Ni hesabu ile ile ya mhubiri, imepunguzwa sauti. Mwamini alikuwa na wajukuu wawili waliotegemea mikono yake. Wapo mahali fulani, nimewatafuta kwa barua na sijawapata. Kujitambua kwangu hakuwalishi. Ningeweza kujitambua siku ile ile kwenye mashuka, alikuwa ameshaniambia yote, bila mtu yeyote kufa.

Hakufa kwa ajili yangu. Alikufa kwa sababu mlango ulifungwa, na mmoja wa watu watatu walioufunga alikuwa mimi, kwa bega la kulia. Mungu ananijua kwa jina, na hilo analijua.